Wacheni Kuwapa Wafu Wetu Sura Mpya

Watu wangu, leo nitaudhi wengine, na ni sawa tu.

Mwaka jana tulizika babu. Picha yake nzuri ilikuwa moja: ya studio, nyeusi na nyeupe, inchi 2 kwa 3, imekaa ndani ya Biblia ya nyanya miaka yote. Binamu akaipiga na simu usiku, na flashi, akairusha kwa kundi la familia. Ikatoka hapo ikaenda kwa kamati, ikaenda kwa mchapishaji. Kufika huko ilikuwa ukungu mtupu. Mjuaji mmoja akaiweka kwa app ya AI ati iisafishe. Ikarudi safi kweli! Ngozi laini, meno meupe pe. Nyanya akashika kile kijitabu cha mazishi, akakiangalia, akauliza, "Huyu ni nani?"

Hakuna mtu alimjibu. Na picha yenyewe ilipotea kwenye pilkapilka za matanga.

Sasa mtaniambia, "Lakini si afadhali iwe safi?" Zii. Picha ya dijitali ni vijiraba vidogo vya rangi, pikseli. Kama pikseli za jicho la babu hazikunaswa, AI haiwezi kuzitoa popote. Inabahatisha. Inachora jicho la mtu, lakini si la babu yako. Kufuta vumbi, kuondoa mikwaruzo, kuongeza mwanga: hiyo ni kusafisha. Kubuni uso ni uongo, hata kama umepata likes mia tano.

Na shida haianzi kwa AI. Inaanza kwa uvivu wa kuskani. Hebu tufanye hesabu. Picha ya inchi 2 kwa 3 ukiiskani kwa dpi 300 unapata pikseli 600 kwa 900. Ukurasa mzima wa A4 uliochapishwa vizuri unataka kama 2480 kwa 3508. Umeona pengo? Ile ile ukiiskani kwa dpi 1200 unapata 2400 kwa 3600. Karibu inatosha, bila uchawi wowote.

Kwa hivyo enda saiba yenye skana ya kioo. Mashine mara nyingi imewekwa ya kuskani vyeti, so mwambie jamaa aongeze dpi. Akikwambia "ni sawa tu hivyo," simama hapo hapo. Apanguse kioo kwanza. Askani kwa rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, ndio madoa ya manjano yaonekane tofauti na uso na iwe rahisi kuyatoa. Ahifadhi kama TIFF au PNG. JPEG hutupa sehemu ya picha kila ukiihariri na kuihifadhi upya, kama fotokopi ya fotokopi. Hiyo faili ya kwanza usiiguse kabisa. Hariri nakala. Na ukituma WhatsApp, tuma kama dokumenti, la sivyo itabanwa.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sikufunzwa haya na profesa yeyote. Nimeyajua kwa kuharibu picha za watu, na nimeomba msamaha. Kwa hivyo usiniambie ati hii ni kazi ya wataalamu. Tuko na pesa ya hema, ya gari la matanga, ya mbuzi wawili. Ya kuskani picha moja vizuri ndio inakosekana? Hiyo si umaskini, ni dharau.

Na usingoje kifo. Kwa matanga hakuna mtu ako na akili ya dpi. Jumapili hii enda kwa nyanya, mwambie atoe albamu. Muulize kila mtu ni nani, andika majina. Skani, kisha umrudishie picha zake mkononi, zote.

Nyanya yangu saa hii amebaki na kile kijitabu tu. Hajakiweka ndani ya Biblia.