UKURASA WA NYUMBANI: Tumbo la Askari na Hesabu ya Ulemavu

Askari arudiye vitani bila mguu haulizwi maswali mengi. Lakini yule ambaye tumbo ndilo lililoharibika, nani atamwamini? Akiketi sebuleni huonekana mzima, kumbe hathubutu kupanda basi kabla hajajua choo kiko wapi.

Juma hili tutazame jambo hili huko Marekani. Idara yao ya askari wastaafu hupima ulemavu kwa asilimia, kumi kumi, toka 0 hata 100, na malipo ya kila mwezi hufuata hesabu hiyo. Tarehe 19 Mei 2024 vipimo vya magonjwa ya tumbo vilibadilishwa. Mwenye utumbo usokotao, aendaye haja kwa maumivu, akiumwa angalau siku moja kila juma kwa miezi mitatu, pamoja na dalili nyingine mbili, hupewa 30. Akiumwa siku tatu kwa mwezi, 20. Mara moja tu katika miezi hiyo, 10.

Hapo ndipo daftari lipatapo thamani. Daktari humwona mgonjwa dakika chache. Mkewe humwona usiku kucha. Barua ya mke, au ya askari mwenzake, ni ushahidi unaopokelewa. Nami naona aibu huwaponza wengi: mwanamume aliyestahimili mizinga huona haya kutaja ameenda chooni mara ngapi, hujibu “sijambo”, na neno hilo huandikwa.

Kwa asiyeridhika, tangu Februari 2019 njia ni tatu: afisa wa juu apitie faili lile lile bila karatasi mpya, kuleta ushahidi mpya unaohusika, au kwenda kwa jaji wa baraza la rufaa. Mwenye barua mpya ya daktari akichagua njia ya kwanza, barua yake haitasomwa. Njia ya kwanza na ya tatu zina muda wa mwaka mmoja tangu tarehe ya uamuzi. Ya pili yaweza kuja baadaye, ila aliyechelewa aweza kukosa malipo ya nyuma.

Wako waliohofu kwamba vipimo vipya vitawapunguzia walichokwisha kupewa. Sheria yakataza kumpunguzia mtu kwa sababu hiyo peke yake. Sharti ionekane kwamba ugonjwa wenyewe umepata nafuu.