Mbwa mwitu asipunguzwe makali

Ndugu mwandishi, sikubaliani nawe kwamba ngano za kutisha zilainishwe ndipo zimfae mtoto. Chukua Lon Po Po ya Ed Young, hadithi ya Kichina iliyotoka 1989 na kushinda Medali ya Caldecott mwaka uliofuata. Mbwa mwitu anajifanya bibi, analala kitandani na watoto watatu. Hakuna mwindaji wa kuwaokoa: Shang, yule mkubwa, anamtamanisha kokwa za ginko, wanamvuta mtini kwa kikapu, kisha wanaachia kamba. Anakufa, basi! Na zile picha zilizokatwa vipande virefu kama michoro ya kale ya Kichina, giza lake linatisha kuliko meno. Wachapishaji wetu, tuleteeni kitabu hiki kwa Kiswahili. Hadithi za mabinti wa kifalme zimetutosha.