Kabla ya Kusema Binti Ana Pepo

Msichana wa kidato cha pili anakosa usingizi. Siku chache baadaye anawaogopa wenzake, anasikia sauti zisizosikiwa na mtu mwingine, anawatukana walimu. Katika kijiji kama Kwamsisi jibu huwa tayari kabla ya swali: ana pepo, au amerogwa. Akibahatika kufikishwa hospitali, huandikiwa dawa za kichaa. Yawezekana majibu yote mawili yakawa makosa.

Mwaka 2007 Dakta Josep Dalmau na wenzake waliueleza ugonjwa ambao kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, huugeukia ubongo na kuushambulia. Huwapata zaidi wanawake vijana na watoto. Kwa baadhi yao chanzo ni uvimbe katika ovari, ambao sharti uondolewe kwa upasuaji. Huanza kwa sura ya wazimu. Kisha hufuata mishtuko kama ya kifafa, mdomo kuchezacheza wenyewe, na ulimi kufunga. Taarifa ya mwaka 2013 kuhusu wagonjwa 577 ilionyesha kwamba takriban wanne kati ya watano walikuwa na hali njema baada ya miaka miwili, na waliowahi kutibiwa ndio waliofaidika zaidi.

Korogwe si mgeni wa maradhi ya akili. Lutindi, iliyoanza mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, ilikwisha kupokea wagonjwa wa akili kabla Mirembe ya Dodoma haijafunguliwa. Lakini mgonjwa huyu hahitaji kutulizwa tu. Baadhi ya dawa za kutuliza humkakamaza mwili na kumzidishia taabu.

Mwalimu hapaswi kuwa daktari. Anaweza, hata hivyo, kuandika tarehe: lini usingizi ulipotea, lini mshtuko wa kwanza ulitokea. Wala asichanganye jambo hili na kicheko cha Kashasha cha mwaka 1962, kilichowakumba wasichana wengi kwa pamoja. Hapa ni mmoja, na hali yake huzidi.

Daktari naye, akishapima malaria na homa ya uti wa mgongo asikute kitu, asifunge faili. Prednisoloni si dawa ngeni nchini. Kigumu ni kipimo. Kama makohozi ya mgonjwa wa kifua kikuu husafirishwa kutoka zahanati hadi maabara, Wizara haina budi kueleza kwa nini maji ya uti wa mgongo ya binti wa Handeni yasisafirishwe vivyo hivyo.