Deni la Sopranos kwa Scorsese

Aghalabu mhakiki anapokutana na tamthilia ya televisheni inayomkumbusha filamu fulani, neno la kwanza kumtoka ni wizi. Ajabu ni kwamba neno hilo hutoka hata vinywani mwa wanafunzi wa Kiswahili, waliofundishwa takhmisa. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatwaa maneno yanayonasibishwa na Fumo Liyongo, akayaongezea mishororo yake hadi kila ubeti ukawa na mitano. Hakuna amwitaye mwizi; huulizwa mishororo aliyoiongeza inafanya kazi gani.

Swali hilo hilo laistahili The Sopranos, tamthilia ya Kimarekani iliyobuniwa na David Chase na kurushwa na HBO kati ya 1999 na 2007. Deni lake kwa Goodfellas (1990), filamu ya mwelekezi Martin Scorsese kuhusu majambazi wa mafia, halikufichwa; Chase mwenyewe amelikiri. Hata waigizaji kadhaa ni wale wale. Michael Imperioli katika filamu ni Spider, kijana mhudumu anayepigwa risasi ya mguu na jambazi mwenye hasira za mkizi. Katika tamthilia yeye ni Christopher, na sasa ndiye anayempiga risasi ya mguu kijana wa duka la mikate. Asiyeijua filamu ataona ukatili mtupu. Aijuaye ataona pia namna mwonewa anavyogeuka mwonevu.

Lenye uzito zaidi ni la Lorraine Bracco. Katika Goodfellas ni mke wa jambazi, aliyeleweshwa na fedha na fahari ya mumewe. Alipopendekezewa kuwa mke wa jambazi tena, alichagua badala yake nafasi ya Melfi, daktari wa magonjwa ya akili. (Kumbe mwigizaji naye aweza kuwa mhakiki hodari!) Hivyo sura iliyowahi kuvutiwa na ujambazi ndiyo inayoketi kumhoji Tony Soprano. Scorsese alionyesha jinsi maisha hayo yanavyolevya; Chase anampeleka mlevi kwa tabibu, kisha anangoja. Filamu ya takriban saa mbili na nusu haina nafasi ya kungoja hivyo. Tamthilia ya vipindi 86 inayo: miaka inapita, Tony anajieleza vizuri zaidi na kuua vile vile, hadi katika kipindi cha pili kutoka mwisho Melfi anapomfungia mlango.