Twende Tukavue, Mpenzi

 

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni hili: "Dada mhariri, tukitaka kutoka wawili tu, twende wapi zaidi ya ufukweni?" Siyo siri, wengi wetu tukisema mapumziko tunamaanisha Zanzibar, Bagamoyo au Kigamboni, muziki mkubwa, picha mia mbili za simu, kisha kurudi nyumbani tukiwa tumechoka kuliko tulivyoondoka. Sina ugomvi na bahari. Ila mwezi huu nataka nikuvushe mpaka na kukupeleka mlimani, kwenye mto wa maji baridi, ukiwa na ufito mkononi na mwenzi wako hatua ishirini kutoka ulipo.

Nazungumzia kuvua kwa nzi bandia. Usicheke kwanza!

Nzi gani tena?

Uvuvi tuliouzoea sisi watu wa Pwani na wa Ziwa ni wa nyavu, madema na ndoano yenye chambo. Huu ni tofauti. Ndoano ndogo sana inafungwa nyuzi na manyoya mpaka ifanane na mdudu anayeelea au kuzama majini. Kwa kuwa mdudu huyo hana uzito, kinachorushwa hasa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito kuliko mshipi wa kawaida. Ufito unaurudisha mshipi nyuma, unangoja unyooke, kisha unaupeleka mbele ukatue polepole juu ya maji.

Neno la kushika hapo ni "unangoja". Fikiria saa ya ukutani: ufito uende mpaka namba 10 mbele na usipite sana namba 2 nyuma, na katikati usimame kidogo. Ukiwa na haraka, mshipi unajikunja kama tambi. Ukitumia nguvu, vilevile. Ndiyo maana mwanamume mwenye misuli yake hana faida yoyote hapa juu ya mwanamke mwenye subira. Akina dada, mmenisikia?

Samaki anayetafutwa ni trauti. Si mwenyeji wa Afrika Mashariki. Mwaka 1905 mlowezi Mwingereza Ewart Grogan, yule aliyejulikana kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, aliagiza mayai ya samaki hawa kutoka Loch Leven kule Uskoti, na trauti wakapandwa katika Mto Gura kwenye milima ya Aberdare, Kenya. Baadaye wakapelekwa kwenye mito mingine ya nyanda za juu. Leo wako kwenye mito ya Aberdare kama Gura, Magura na Chania, na kwenye ile inayoshuka kutoka Mlima Kenya kama Naro Moru, Burguret, Thego na Sagana. Wapo wa aina mbili: wa kahawia, asili yake Ulaya, na wa upinde wa mvua, asili yake pande za Pasifiki za Amerika Kaskazini.

Na jambo la kutufurahisha sisi majirani: kwa miaka mingi Kenya imekuwa na mafundi, wengi wao wanawake, wanaofunga nzi hawa kwa mkono na kuwauza Ulaya na Marekani. Mzungu anayevua kwao Uskoti leo huenda ametundika ndoano iliyofungwa Nairobi.

Kwa nini sisi, na kwa nini sasa

Niwe mkweli kwenu kama kawaida yetu. Safari ninayoipanga mwezi huu siyo ya starehe tupu. Mume wangu amepewa nafasi ya kazi Doha, mkataba wa miaka miwili. Mshahara ni mzuri. Mtoto wetu ana miaka sita. Jibu linatakiwa kabla ya mwezi kwisha.

Tumejaribu kulizungumza nyumbani. Anaanza yeye, simu inaita. Naanza mimi, mtoto anataka maji. Tukifika kitandani mmoja ameshalala au anajifanya amelala. Jambo la miaka miwili tunalijadili kwa vipande vya dakika tatu tatu, kati ya umeme kukatika na daladala kuchelewa. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, nami naona hili letu likikauka tu halikunjiki tena.

Miaka miwili iliyopita tulikwenda Naro Moru mara moja, na nilichokiona huko ndicho kinachonirudisha. Mume wangu ni mtu asiyeweza kusema jambo zito akiwa ametazamwa usoni. Mkalishe mezani, mwambie "tuongee", anafunga mdomo kama chaza. Lakini mkiwa mmesimama pembeni pembeni, wote mnatazama maji, anaanza kusema mwenyewe. Siku ile aliniambia habari za marehemu baba yake ambazo katika miaka sita ya ndoa sikuwahi kuzisikia. Nilinyamaza tu, nikaendelea kurusha mshipi. Nadhani wapo wengi kama yeye. Huenda na wako ni mmoja wao.

Bajeti kwanza, mapenzi baadaye

Sasa tuingie kwenye mpango. Safari ya wawili inaharibika kwenye pesa kabla ya kuharibika kwingine kokote, kwa hiyo pesa zisemwe wazi mapema. Sisi tuna kibubu cha pamoja. Kila mwezi mimi naweka shilingi 60,000 na yeye 90,000, na baada ya miezi kumi tuna milioni moja na nusu. Tumeigawa mafungu matano: usafiri, malazi, leseni na mwongozaji, chakula cha njiani, na akiba ambayo haiguswi mpaka tufike mlangoni kwetu. Anayechangia zaidi hapewi kura mbili. Hilo liwekeni wazi kabla hamjakata tiketi.

Njia yetu ni ya basi. Alhamisi Dar hadi Arusha, tunalala kwa mama mkwe na mtoto anabaki hapo kwa bibi yake. (Msiende mikono mitupu, jamani. Kanga na mchele wa Kyela vinafungua milango mingi.) Ijumaa alfajiri tunapanda gari la Nairobi kupitia Namanga, kisha Thika, Sagana, Karatina hadi Naro Moru. Kutoka Nairobi ni kama saa tatu za barabara, mahali pakubaliki na msongamano. Tunalala usiku tatu kando ya mto, Jumatatu tunarudi Arusha, Jumanne Dar. Bebeni pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipia chumba

Pande za Naro Moru na Nanyuki kuna nyumba za wageni za aina ile ninayoipenda: bustani, vibanda vya mbao au mawe, moto wa kuni jioni na sauti ya mto usiku kucha. Ndani ya hifadhi ya Aberdare, Shirika la Wanyamapori la Kenya lina nyumba za wavuvi ambako mnajipikia wenyewe. Popote mtakapochagua, pigeni simu, msitegemee picha peke yake. Ulizeni haya:

Mto una maji kiasi gani wiki hii? Hili ni muhimu. Mashamba yanachota maji mengi kwenye mito hii, na wakati wa kiangazi kikali sehemu za chini hukauka. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba, maji huwa mengi na ya tope, na trauti anawinda kwa macho. Januari na Februari, au Julai hadi Septemba, nafasi huwa nzuri zaidi, ila juu zaidi mtoni kuliko chini.

Leseni inapatikana wapi, na inaruhusu samaki wangapi kwa siku? Mkivua ndani ya hifadhi mtalipa na kiingilio. Raia wa Afrika Mashariki ana kiwango chake, kwa hiyo kitambulisho kisibaki nyumbani, na malipo ya hifadhi hufanywa kwa mtandao.

Kuna mwongozaji na vifaa vya kuazima? Msinunue vifaa kwa safari ya kwanza. Kwa mito hii midogo ufito mwepesi unatosha, wa namba 4 au 5.

Msitu uko karibu kiasi gani? Nyati na tembo hawajui kwamba mko fungate. Karibu na msitu, msitembee bila mlinzi au mwongozaji, hata kama mto unaonekana umetulia.

Na la mwisho, ulizeni maji ya moto na blanketi. Naro Moru iko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Dar akisikia "baridi" anafikiria Julai ya Mbezi. Siyo hiyo. Sweta mbili kila mmoja, soksi nzito, kofia na buti za mvua. Ongezeni miwani ya jua, maana ndoano inaporuka hewani macho yasiwe wazi.

Sheria zetu za mtoni

Ya kwanza: asiwepo mwalimu kati ya wanandoa. Hata kama mmoja anajua, mlipeni mwongozaji awafundishe wote. Nimeona wapenzi wakigombana kwa sababu ya "siyo hivyo, nimekwambia siyo hivyo!" Sauti ya mgeni inasahihisha bila kuumiza. Ya mume au mke, hapana.

Ya pili: mnatembea kupanda mto, siyo kushuka. Trauti husimama akielekea maji yanakotoka, akingoja chakula kiletwe na mkondo, kwa hiyo ukimjia kwa nyuma hakuoni. Mmoja atangulie, mwingine abaki nyuma, na kila baada ya bwawa moja mbadilishane. Hapo hakuna anayepata maji yaliyokwisha kuvurugwa siku nzima. (Kama mnataka kuitumia sheria hii na nyumbani, ruhusa.)

Ya tatu: samaki asiyeliwa arudishwe vizuri. Lowesha mikono kabla ya kumshika, maana mkono mkavu unamtoa utelezi unaomkinga. Mchomoe ndoano akiwa bado majini, na kama ndoano haina kimwiba ni rahisi zaidi. Usimtoe nje muda mrefu kwa ajili ya picha. Mkibaki na mmoja ndani ya ruhusa ya leseni, mpelekeni jikoni: siagi, chumvi, ndimu, basi. Hakuna haja ya masala.

Ya nne: simu zinabaki chumbani. Moja tu inabebwa kwa dharura, na tumekubaliana ibebwe na mwongozaji.

Ya tano ndiyo kubwa kwetu. Habari ya Doha haitajwi Ijumaa. Siku hiyo tumechoka, tutasemezana kwa uchovu wa Namanga. Haitajwi Jumapili usiku pia, kwa sababu anayesubiri dakika ya mwisho huwa anataka mwenzake akubali haraka. Itazungumzwa Jumamosi, mchana au jioni, na atakayeanza ni yule atakayekuwa tayari. Kila mmoja ameandika kwenye karatasi mambo matatu anayoyaogopa akienda na matatu anayoyaogopa akibaki. Karatasi zimo kwenye bahasha, hatujasomeana. Mimi ya kwangu nimeiandika mara mbili, maana mara ya kwanza niliandika ninayodhani anataka kuyasoma, nikaichana kabla haijaingia kwenye bahasha.

Sijui tutaamua nini. Huenda Jumatatu tukapanda gari mmoja akiwa na huzuni kidogo. Pesa ya Doha ni ada ya mtoto, ni kiwanja, ni mambo ambayo mapenzi peke yake hayalipi. Na miaka miwili ni miaka miwili, mtoto wa miaka sita anakuwa wa minane. Lakini nimeridhika na jambo moja: uamuzi utafanywa na watu wawili waliolala usingizi wa kutosha, wakasikilizana mpaka mwisho wa sentensi.

Kama huna Naro Moru kwenye uwezo wako mwaka huu, usijali. Tafuta maji yoyote yaliyo karibu na wewe, Ruvu, Pangani, hata bwawa la kijijini kwenu, na ndoano ya kawaida yenye chambo. Mchukue mwenzi wako, muache simu, msimame pembeni pembeni. Halafu nyamaza kidogo, umpe nafasi ya kuanza.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda. Na kwa wale watakaouliza: ndiyo, nitawaambia kama tulipata samaki.