Muuguzi wa Watoto Njiti Aachwe Akae

Katika kuokoa maisha ya watoto nchi yetu, Tanzania, imepiga hatua, na mwenye macho haambiwi tazama. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 67 walikuwa hawafikishi miaka mitano. Uliporudiwa mwaka 2022, idadi ilikuwa imeshuka hadi 43. Lakini ndani ya hesabu hiyo mna nyingine inayouma. Watoto waliokuwa wakifariki kabla ya kutimiza siku 28 walikuwa 25 katika kila 1,000. Miaka ile yote ikapita, wakawa 24. Kenya nako ni vivyo hivyo: 22 mwaka 2014, 21 mwaka 2022. Mataifa yamejiwekea lengo la kufika 12 au chini yake ifikapo mwaka 2030. Kwa mwendo huu wa kupunguza mmoja kila baada ya miaka sita au minane, hatutafika.

Tukisikia hesabu hizi, mawazo ya wengi wetu hukimbilia kwenye mashine. Mfadhili huleta mashine za kuwatunzia joto watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wakati, utepe hukatwa, picha hupigwa, nasi tukarudi majumbani tukiamini kwamba kazi imekwisha. Mashine sizibezi, maana zinahitajika na bado hazitoshi. Lakini nawaomba tukumbuke kilichotokea Bogotá, Colombia, mwaka 1978. Watoto njiti walikuwa wengi kuliko mashine zilizokuwapo, madaktari wakaanza kuwafunga watoto vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Ndiyo hii tunayoiita huduma ya kangaroo. Mwaka 2021 yakatangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania. Watoto wa uzito wa kuanzia kilo moja hadi karibu kilo 1.8 waliwekwa vifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali zao zitulie kwanza kwenye mashine. Vifo vyao vilikuwa pungufu kwa robo.

Robo nzima, kwa kifua cha mama na kitambaa cha kumfungia! Ila mama wa miaka kumi na tisa, mwenye kidonda cha upasuaji na hofu ya kumgusa kiumbe asiyezidi kiganja chake, hamfungi mtoto huyo kifuani peke yake. Yupo anayemwonyesha namna ya kumweka kichwa upande ili njia ya hewa isijibane, anayekaza fundo, anayepita tena baada ya nusu saa kutazama kama miguu imepata joto. Ni muuguzi. Na hoja yangu leo ni moja: mtoto njiti huokolewa na muuguzi aliyekaa katika wodi ile muda mrefu hata macho na mikono yake ikaijua kazi, nasi tunamhamisha-hamisha na kumchosha kama mtu ambaye yeyote anaweza kushika nafasi yake.

Anayedhani ni kazi ya kubembeleza watoto, na aifikirie saa tisa ya usiku. Mtoto ana gramu 1,200. Hajui kunyonya, kwa hiyo analishwa kwa mrija kila baada ya saa tatu. Kwanza muuguzi anahakikisha kwamba ncha ya mrija iko tumboni, maana ukiwa umeteleza ukaingia njia ya hewa, maziwa yatamzamisha mtoto. Anavuta kidogo kwa bomba la sindano aone kama maziwa ya saa sita yameshuka. Akiona kijani, halishi, anamwita daktari. Tumbo likiwa salama, anamimina maziwa aliyokamua mama, mililita ishirini hivi, na hayasukumi. Analiinua bomba na kuyaacha yashuke yenyewe, polepole, huku akimtazama mtoto rangi ya midomo. Kitanda cha jirani, mwingine amesahau kupumua. Njiti husahau kupumua, ubongo wake haujakomaa. Mama yake anauliza, "Sista, mbona ametulia hivi?" Sista amekwisha fika, anamsugua nyayo, kifua kinainuka tena. Hakuna kengele iliyolia. Ameona kwa pembeni ya jicho.

Kisha kuna oksijeni. Ikipungua mtoto anakufa; ikizidi inaharibu mishipa ya macho yake, akaishi kipofu. Mwanamuziki Stevie Wonder wa Marekani alizaliwa njiti mwaka 1950, akapoteza uwezo wa kuona kwa njia hiyo. Siku hizi mtoto njiti aliye kwenye oksijeni hushikiliwa kati ya asilimia 90 na 95 kwenye kipimo cha oksijeni katika damu, na mkono unaoipandisha na kuishusha oksijeni hiyo usiku kucha ni wa muuguzi.

Kwa viwango vya Uingereza, mtoto aliye mahututi hupangiwa muuguzi wake peke yake, na hata walio nafuu hawazidi wanne kwa muuguzi mmoja. Kwetu, aliyewahi kulazwa na mtoto katika hospitali ya umma anajua: muuguzi mmoja, watoto kumi na zaidi. Uchache huo hautaisha mwaka huu wala ujao, kwa kuwa unataka fedha na ajira. Lakini kumwondoa mwenye ujuzi mahali pake hakutokani na uhaba wa fedha. Tunaamua wenyewe, kwa kalamu.

Mnajua namna mwanga unaotibu manjano ya watoto wachanga ulivyogunduliwa? Katika hospitali ya Rochford, Essex, kule Uingereza, alikuwapo Sista Ward, msimamizi wa wodi ya watoto njiti. Alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto uani wapate jua na hewa. Siku moja ya mwaka 1956 akawaonyesha madaktari mtoto ambaye manjano yalikuwa yamepauka mwili mzima, isipokuwa pembe moja ya ngozi iliyobaki na rangi kali. Ilikuwa imefunikwa na ncha ya shuka! Jua lilikuwa limefanya kazi kila mahali lilipofika. Dakta Cremer na wenzake wakalifuatilia jambo hilo, wakachapisha matokeo mwaka 1958, na leo taa zile za buluu zimo katika wodi za dunia nzima, mtoto akiwa amefungwa kitambaa machoni. Jina la Sista Ward halikuwamo kati ya waandishi wa ripoti hiyo. Sasa niambieni, muuguzi aliyeletwa wiki iliyopita kutoka wodi ya mifupa angeiona ile pembe?

Patricia Benner, ambaye kitabu chake cha mwaka 1984 kinasomwa vyuoni na wauguzi wetu wenyewe, aliandika kwamba muuguzi hufikia kuimudu kazi akiwa amekaa katika kazi ya aina hiyo hiyo miaka miwili au mitatu, na ubingwa huja baadaye. Basi tazama tunavyofanya. Binti anapangiwa watoto wachanga. Mwezi wa kwanza analia kila akikosa mshipa wa kuchoma, maana mshipa wenyewe ni mwembamba kama uzi. Mwezi wa nane anaupata gizani. Mwaka ukitimia, orodha ya mabadiliko inabandikwa ukutani: yeye wodi ya upasuaji, na wa kliniki ya macho aje kwa watoto wachanga. Wote wawili wanaanza upya, na anayelipa gharama ya kujifunza huko ni mtoto wa gramu 1,200.

Wakuu wa hospitali wanayo majibu, na si ya kupuuzwa. Wanasema muuguzi anapaswa kujua kila idara, kwamba asipozunguka atachoka na kuzoea vibaya, na kwamba pengo likitokea usiku wanahitaji mtu wa kuziba. Kujua kila idara ni kazi ya mafunzo, na wahitimu wa shahada wana mwaka mzima wa mazoezi kwa ajili hiyo. Kuchoka ni kweli, tena wodi hii inachosha kuliko nyingi. Anayeomba kuondoka aondolewe bila kusimangwa. Lakini wapo wanaoomba kubaki, wakaambiwa kwamba orodha imekwisha sainiwa. Hao ndio ninaowatetea.

Na tuitazame ngazi yao ya kazi. Muuguzi wa cheti anajinyima, anasoma stashahada. Wa stashahada anajiendeleza hadi shahada, mara nyingi huku akilipa mwenyewe. Anaporudi amepanda cheo, anapewa meza, ratiba za zamu na vikao. Kwa utaratibu tulio nao, kupanda ni kumwacha mtoto. Ndipo wengine hutazama nje. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kupeleka wauguzi, na simlaumu anayekwenda mahali ambapo ubingwa wake una jina na mshahara wake. Nawalaumu wanaoweza kumpa jina hilo hapa nyumbani, wasimpe.

Nyumbani kwake je? Sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, na akirudi kazini apate hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Hivi karibuni imerekebishwa, mama aliyejifungua njiti akaongezewa likizo, jambo jema sana. Lakini muuguzi aliye peke yake na watoto kumi na wanne, saa mbili hizo anazitoa wapi, na anawakabidhi kwa nani? Maziwa yanamjaa kifuani huku akiwalisha kwa mrija watoto wa wenzake.

Mtoto akifariki alfajiri, yeye ndiye anayemtoa mirija, anayemfuta, anayemviringisha katika khanga aliyokuja nayo mama yake. Ndiye anayemwita bibi wa mtoto pembeni. Saa kumi na mbili wengine wanadai maziwa. Asubuhi anakabidhi zamu: walikuwa kumi na wanne, amefariki mmoja. Kisha anapanda daladala. Akifika nyumbani jirani amefungulia redio, mgeni anapiga hodi, na wifi anasema kwamba mke wa kaka analala mchana kutwa. Wauguzi wa kiume hubeba haya pia, na wao huambiwa mwanamume halii. Ninyi mnaoishi na muuguzi, mlindieni usingizi wake kama mnavyolinda mshahara wake. Wala msimuulize kwa nini hakuonekana kwenye vikao vya harusi.

Kwa hospitali naomba mambo yasiyohitaji mfadhili. Mtoto akifariki, zamu ikae robo saa asubuhi izungumze kabla ya kwenda nyumbani. Atokee wa kumshikia zamu muuguzi anayenyonyesha, kwa ratiba iliyoandikwa, isiwe kwa hisani. Wizara nayo iweke katika muundo wa utumishi cheo cha muuguzi bingwa wa watoto wachanga anayepanda mshahara huku akibaki kando ya kitanda cha mtoto.

Na wewe Mganga Mfawidhi, pamoja na Muuguzi Mfawidhi wako: kabla hamjasaini orodha ijayo ya mabadiliko, iteni wauguzi wa wodi ya watoto wachanga mmoja mmoja. Muulizeni kila mmoja kama anataka kubaki. Anayesema ndiyo, lifuteni jina lake kwenye orodha.