Pumzi ya Mgonjwa na Ubora wa Picha za Ini

Ini halitulii. Mtu akivuta pumzi, diaframu hushuka na kulisukuma chini. Akiitoa, hupanda nalo tena. Katika kupumua kwa kawaida mwendo huo hufika sentimita moja au mbili, na pumzi ikiwa nzito huzidi hapo. Uvimbe ambao bado unatibika aghalabu hauzidi sana upana huohuo. Mashine ya MRI, ambayo hukusanya habari za picha kidogo kidogo, hujikuta ikichora kitu kinachohama: kingo za mishipa huingia ukungu, na vivuli vya ukuta wa tumbo hujirudia juu ya ini lenyewe.

Katika Afrika Mashariki, ambako homa ya ini aina ya B na sumukuvu katika nafaka bado ni vyanzo vikubwa vya saratani ya ini, ukungu huo si kero ya mafundi peke yao. Picha iliyoharibika humrudisha mgonjwa kwenye foleni, kwenye nauli na kwenye gharama ya kipimo. Mbaya zaidi, huweza kumrudisha nyumbani na jibu lisilo sahihi.

Njia kongwe ya kuushinda mwendo huo ni kumwambia mgonjwa abane pumzi kwa sekunde 12 hadi 20, ini lote lipigwe picha kwa mara moja. Akiweza, hakuna kinachoishinda kwa wepesi. Njia ya pili humwacha apumue, lakini mashine hungojea: mkanda uliofungwa tumboni, au kipimo kinachofuatilia kuba la diaframu, huiambia ni lini pumzi imetoka na ini limetua, nayo hukusanya habari wakati huo tu. Kazi ya sekunde huwa ya dakika kadhaa, na pumzi isiyo na mpangilio huirefusha zaidi. Njia ya tatu, iliyo mpya kuliko hizo, hukusanya habari kwa mistari inayopita katikati kama spoku za gurudumu la baiskeli. Kwa kuwa kila mstari hupita kitovuni, kosa la mwendo husambaa, likaonekana kama michirizi hafifu badala ya vivuli.

Ipi bora? Swali hilo huulizwa mara nyingi, na huulizwa vibaya. Kwa picha za T2, mgonjwa anayepumua sawasawa hupata picha kali zaidi mashine ikiingojea pumzi yake, kwa kuwa muda upo wa kukusanya habari nyingi. Mgonjwa huyohuyo akianza kukohoa, faida yote huyeyuka. Tena ulinganisho mwingi hutegemea wasomaji wa picha wanaotoa alama za ukali na usafi. Alama hizo zina maana, lakini hazijibu kama uvimbe umeonekana. Picha iliyopigwa mgonjwa akipumua huru, ikawa wastani wa pumzi nyingi, huweza kupendeza macho huku kidoa cha milimita nane kimefutika ndani yake. Picha chafu walau hukiri uchafu wake.

Pagumu kuliko kote ni sekunde chache baada ya dawa ya kung'arisha kuingia mshipani. Saratani ya ini iliyotokana na seli zake hulishwa zaidi na ateri, kwa hiyo huwaka mapema dawa inapofika, kisha hufifia kuliko nyama ya ini inayoizunguka. Utambuzi hutegemea sana mwako huo. Dirisha lake ni fupi, na likikosekana haliwezi kurudiwa bila dozi nyingine. Hapo kungojea pumzi moja baada ya nyingine hakufai. Kuna hata dawa moja, gadoksetati, ambayo kwa baadhi ya wagonjwa huleta kuhema kwa muda mfupi katika sekunde zilezile. Anayejua hilo hupanga picha fupi zaidi mapema, au hutumia njia ya spoku kwa mgonjwa asiyeweza kubana pumzi. Kumfokea aliye na maji tumboni kwamba hajitahidi ni kumlaumu kwa ugonjwa wake.

Ajabu ni kwamba njia ya bei nafuu kuliko zote ndiyo hupuuzwa: dakika tatu za mazoezi kabla meza haijaingia kwenye mashine. Wengi huagizwa wavute pumzi ndipo wabane, desturi iliyozoeleka kwenye eksirei ya kifua. Kwa ini, kutoa pumzi kisha kubana hulirejesha mahali palepale kwa uhakika zaidi, ingawa ni kugumu kidogo kuvumilia. Mgonjwa ajaribu mara mbili akiwa amelala, na mtaalamu ahesabu sekunde anazoweza kweli, si zile zilizoandikwa kwenye programu. Mzee asiyesikia vizuri, au anayeelewa Kisukuma kuliko Kiswahili, hatafuata sauti inayopenya kelele za sumaku. Akubaliane na mtaalamu ishara ya kubinywa mkono na ndugu aliyekwisha kukaguliwa kwa usalama. Mgonjwa naye aseme mapema kama hawezi kulala chali au anakohoa usiku. Hakuna aibu hapo; ni habari inayobadilisha kipimo.

Kisha ripoti iseme kweli. Kuandika kwamba ini halina uvimbe, ilhali picha za awamu ya ateri zilivurugwa na pumzi, ni kumpa daktari wa wodini uhakika usiokuwapo. Sentensi moja yatosha: njia iliyotumika, awamu iliyoharibika, na sehemu ya ini ambayo haikuonekana vizuri. Daktari akiisoma ataamua kama amtoe mgonjwa maji tumboni kwanza, arudie kipimo, au atafute jibu kwa njia nyingine.